Kulea na kufunza farasi dume wa damu nzuri huku Nakuru

Wafugaji wa Njoro, Rongai, Molo mpaka Gilgil huwa wananiuliza vile mtu anaeza pata dume wa maana wa kazi ya ranchi, na karibu wote wanaanza na karatasi, ati babake ni nani, nyanyake alishinda wapi. Mimi nasema anza na tabia, karatasi ifuate. Nenda asubuhi wakati wa kulishwa, usimame kando uangalie vile anamkaribisha saisi, yule mtunza farasi. Akirudisha masikio nyuma na kutoa meno kila mtu akipita, hata babake akiwa nani wacha huyo, juu ukali pia unarithiwa na ni wewe utaishi na watoto wake.

Alafu damu ya bei ghali si lazima iwe safi. Kule Marekani farasi wa kazi ya ng'ombe wenyewe ni aina inaitwa Quarter Horse, chama chao kilianza 1940 na dume aliyepewa namba ya kwanza kwa daftari ni Wimpy wa King Ranch, Texas, baada ya kushinda maonyesho ya Fort Worth 1941. Baadaye akatokea dume mwingine, Impressive, alizaliwa 1969, misuli imejaa kila mahali, watu wakampelekea majike wengi sana, kumbe amebeba ugonjwa unaoitwa HYPP, farasi anatetemeka misuli, anaanguka, wengine wanakufa, na mzazi mmoja akiwa nao hiyo inatosha kuupitisha. Kwa hivyo ukinunua dume ama mbegu ya Quarter Horse itisha majibu ya DNA kabla hujatoa pesa. Kupima si ngumu, unang'oa nywele 20 ama 30 za shingo, uzing'oe na mizizi usikate na makasi, unatia kwa bahasha ya karatasi na kutuma maabara. Kama ni Thoroughbred, ile aina ya farasi wa mbio, aliyetoka mbio za Ngong, uliza kwa nini aliachishwa. Ajali ni ajali, lakini kama miguu ilikua imepinda tangu azaliwe, hiyo atawapea watoto.

Jike nalo usichukue yule wa bure. Nusu ya damu ni yake, na ndiye anakaa na mtoto miezi 4 mpaka 6, mtoto anajifunza kuogopa ama kutulia kwa mamake.

Jike akiwa kwa joto utamjua, anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo akimuona dume na anasimama. Kama hayuko tayari anapiga mateke, na teke moja linaeza maliza dume wako kabisa, kwa hivyo jaribu kwanza wakiwa na ukuta wa mbao katikati. Mzunguko ni kama siku 21, joto lenyewe siku 5 mpaka 7, na yai linatoka mwishomwisho, ndio maana unampandisha siku moja, unaruka moja, mpaka akatae. Siku ya 14 mpaka 16 baada ya yai kutoka daktari apige skani aangalie mapacha, mapacha wa farasi mara nyingi wanatoka wote wamekufa. Mimba ni kama siku 340, ukipandisha Juni mtoto anazaliwa Mei kwenye matope ya masika, panga hiyo mapema.

Sasa mafunzo. Kitu kinachosaidia kuliko vyote ni kuwa na kamba mbili za kichwani, moja ya kazi, moja ya kupandisha peke yake, na mahali pa kupandishia pawe pale pale kila siku, mbali na pale anawekewa tandiko. Dume anashika haraka sana. Ukimvalisha ile ya kazi anajua hapa hakuna kulia wala kusimama na miguu ya nyuma hata jike apite mbele yake, na akisahau usimpige usoni, mrudishe nyuma hatua kadhaa, akitulia legeza kamba papo hapo, kule kulegeza ndiko kunamfunza. Usimpe karoti kwa mkono, atazoea kutafuta vidole. Kwato zake inua kila siku tangu akiwa mdogo. Akiwa mwaka 1 mwongoze tu kwa kamba, miaka 2 mtu amkalie mgongoni kwa dakika chache, kazi ya kweli ya ng'ombe ingoje 3 na zaidi juu mifupa bado inakua. Na asiishi peke yake akitazama ukuta, mwekee jirani aliyehasiwa anayemuona.

Huku kwetu chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika usikose. Unaletwa na wadudu wadogo kuliko mbu, wanauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, na pundamilia kama wale wa hifadhi ya Soysambu wanabeba virusi bila kuugua. Ingiza farasi bandani kabla jua halijazama, hasa mvua ikiwa nyingi.

Kama dume amefika miaka 2 na bado anauma ama anamrukia mtu, ita daktari amhasi, farasi mzuri aliyehasiwa anauzika vizuri tu. Baada ya hapo mtenge na majike kama mwezi mmoja hivi, mbegu zilizobaki mwilini bado zinaeza shika mimba.