Umeuza gari, jina bado lako: kumaliza uhamisho na bima Unguja na Pemba

Gari ikiuzwa mkono kwa mkono, mara nyingi mambo huishia kwenye pesa na funguo. Mnunuzi anaondoka na kadi ya usajili wa gari, muuzaji anahesabu noti zake, dalali anachukua chake, na kila mtu anaamini biashara imekwisha. Kumbe kuna majina mawili yaliyobaki nyuma: jina lililomo kwenye daftari la usajili wa vyombo vya moto, na jina lililomo kwenye hati ya bima. Majina hayo hayahami yenyewe, wala kuhama kwa moja hakulihamishi la pili. Kadi inaweza kubadilishwa na bima ikabaki ya mwenye zamani. Vilevile mnunuzi anaweza kukata bima mpya, huku kadi ikiwa bado na jina la mtu aliyehamia Maskati miaka minne nyuma.

Tuanze na bima, maana ndiyo inayoumiza mapema.

Bima ya gari ni mkataba baina ya shirika na mtu. Gari imetajwa ndani yake, lakini aliyeahidiwa ni mtu. Siku unapouza, wewe huna tena cha kupoteza gari ile ikipinduka, kwa hiyo msingi wa bima yako umeondoka. Mnunuzi naye hajaahidiana lolote na shirika lako. Stika iliyobakisha miezi saba haimkingi kwa sababu tu amekabidhiwa gari ikiwa nayo. Ikitokea ajali na ilikuwa bima kubwa, ile inayofidia hata gari yenyewe, shirika litauliza gari ilikuwa ya nani siku ile. Jibu likiwa si jina la kwenye hati, dai linakwama pande zote mbili: aliyepata hasara hana mkataba, na mwenye mkataba hana hasara. Kwa bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu, tatizo linageuka. Aliyegongwa anataka haki yake, na anayetafutwa kwanza ni yule ambaye jina lake linatoka namba ya gari inapoangaliwa. Huyo ni wewe muuzaji, na ni wewe utakayetakiwa uthibitishe kwamba ulishauza.

Dawa yake ni barua. Iandike siku ile ile ya mauzo kwa shirika lako la bima, ukitaja namba ya gari, namba ya hati ya bima, jina la mnunuzi, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina uzito wake: gari iliyokabidhiwa saa nne asubuhi inaweza kugonga mtu saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo, na tarehe peke yake haitakutoa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo ubaki nayo. Ikiwa bima ulikata kwa wakala, usiishie kwake. Hakikisha taarifa imefika shirika lenyewe, kwani wakala anaweza kuiweka barua kwenye droo na mkataba ukaendelea kwa jina lako.

Ndani ya barua chagua moja kati ya mawili. Unaweza kuomba bima ihamishiwe kwa mnunuzi, na hapo shirika lazima liridhie na mnunuzi ajaze fomu yake mwenyewe. Au unaifuta, na yeye anakata yake. Kwa maoni yetu kufuta ni salama zaidi. Shirika lilikukubali wewe kwa maelezo yako: dereva gani, gari ya matumizi gani. Mnunuzi anaweza kuwa na mipango mingine kabisa. Gari nyingi zilizokuwa za nyumbani zinaishia kubeba wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda Nungwi au Paje, na bima ya matumizi binafsi haimbebi abiria wa kulipa. Hilo likigundulika baada ya ajali, bima iliyohamishwa inakuwa karatasi tu.

Ukifuta, uliza kuhusu marejesho, lakini usitegemee hesabu ya mwezi kwa mwezi. Hati nyingi zina jedwali la muda mfupi, ambapo miezi ya mwanzo inakatwa zaidi, hivyo ukifuta katikati ya mwaka unarudishiwa chini ya nusu. Ikiwa ulishadai ndani ya mwaka huo, kwa kawaida hurudishiwi kitu. Punguzo la kutodai, lile unalopewa kwa kukaa bila kudai fidia, kama unalo, ni lako wewe, halifuati gari. Omba barua inayolithibitisha, uende nayo kwenye gari nyengine.

Mnunuzi asiendeshe hata hatua moja kabla ya bima yake kuanza. Akishakata, aingize namba ya gari au ya stika kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Bara na Zanzibar, aone kama inatoka, na kama namba ya gari na tarehe zinalingana na hati aliyopewa. Stika isiyotoka kwenye mfumo ni ya kurudisha dirishani siku hiyo hiyo.

Sasa kadi. Kabla ya pesa kutoka, fungueni boneti na milango muangalie namba ya chesisi kwa macho. Gari za Kijapani zilizotengenezwa kwa soko la kwao hazina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Zina herufi za modeli, kistari, halafu tarakimu; Toyota IST, kwa mfano, inaweza kuanza na NCP60. Soma iliyogongwa kwenye chuma, usitosheke na kibati, na uilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Herufi O na sifuri, B na nane: kosa moja la uandishi lililofanywa wakati wa usajili linatosha kuurudisha uhamisho mzima. Linganisha na injini pia. Gari iliyobadilishwa injini bila taarifa itakuwa na namba isiyolingana na kadi, na mwenye wajibu wa kuirekebisha ni muuzaji, kabla ya kuuza. Rangi ni hivyo hivyo. Na kama gari ilinunuliwa kwa mkopo, dai barua ya benki inayosema deni limekwisha, kwani benki ikiwa na haki juu ya chombo, saini ya muuzaji peke yake haitoshi.

Mkataba wa mauziano uandikwe hata kama mnajuana tangu chuoni. Uwe na majina kamili, namba za vitambulisho vya wote wawili, namba ya gari, ya chesisi na ya injini, bei, namna ilivyolipwa, tarehe na saa. Mashahidi wawili watie saini, na sheha, yaani kiongozi wa shehia, akiwa mmoja wao ni bora zaidi, kisha mwanasheria augonge muhuri. Msiandike bei ndogo kuliko iliyolipwa. Siku mauziano yakivunjika mahakamani, mnunuzi atarudishiwa kile kilichoandikwa. Ushuru wa stempu nao ulipwe ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kwa sababu waraka usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu.

Nendeni pamoja ofisi ya usajili, asubuhi ya siku ya kazi. Ijumaa muda ni mfupi. Chukueni kadi halisi, mkataba, vitambulisho na nakala zake. Ada yoyote ya gari inayodaiwa ilipwe kwanza, na kwenye mkataba andikeni nani analipa deni la nyuma. Njia nzuri ni kubakisha sehemu ya bei mpaka kadi mpya itoke. Mnunuzi anapata uhakika, na muuzaji anapata mtu mwenye haraka ya kumaliza.

Kazi kubwa iko kwenye gari ya mikono mitatu. Ali kauza kwa Bakari, Bakari kauza kwa Chande, na kadi bado ya Ali. Chande hana cha kuhamisha kutoka kwa Bakari, maana kwenye daftari Bakari hayumo. Lazima Ali apatikane, au mnyororo wote uonekane kwa mikataba: wa Ali na Bakari, na wa Bakari na Chande. Ali akiwa nje ya nchi, aandike hati ya uwakilishi inayotaja gari hiyo kwa namba, aithibitishe ubalozini, na alete asili yake, si picha ya simu. Akiwa amefariki, gari ni mali ya mirathi. Mtoto mmoja hawezi kuiuza wala kuihamisha kwa niaba ya wenzake. Kwa Waislamu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo mahala pa kuanzia. Kumtilia mtu saini, hata kwa nia njema na gari umeilipia, ni kughushi, na kunaharibu haki uliyokuwa nayo.

Mnunuzi akiwa wa Bara, jihadhari zaidi. Gari ya namba za Z, za usajili wa Zanzibar, ikienda kukaa kule ina taratibu za forodha za TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, na usajili mpya wa namba za T, za Bara. Mpaka hayo yakamilike, gari inazunguka Dar es Salaam kwa jina lako.

Mnunuzi akikaa kimya, muuzaji asisubiri. Apeleke ofisi ya usajili barua ya taarifa ya mauzo pamoja na nakala ya mkataba, aombe iwekwe kwenye jalada la gari, na abaki na nakala yenye muhuri. Barua hiyo haihamishi umiliki, ila inaonesha ni lini mkono wako ulitoka. Baada ya wiki mbili rudi na namba ya gari, uliza jina lililomo. Likiwa bado lako, mwandikie mnunuzi kwa maandishi, umpe siku maalumu ya kukutana ofisini, na nakala ya barua hiyo nayo iingie jaladani.