Mazuti yatatosha hadi saa ngapi? Kukadiria kwa kurefusha mstari

Umeme ukikatika Goma na jenereta ikawashwa, swali ni moja: mazuti (dizeli) yaliyomo yatatosha hadi saa ngapi? Pima mara chache, tafuta mstari, kisha urefushe kupita kipimo cha mwisho. Vitabu vya hesabu huiita njia hii ekstrapolesheni.

1. Tayarisha kijiti cha kupimia mafuta tangini. Weka jenereta mahali tambarare; juu ya mawe ya volkano huinama, na kipimo huharibika. Jaza tangi tupu lita moja moja, ukitia alama kwenye kijiti kila mara. Usikigawanye kwa rula: pande za tangi nyingi hazikunyooka, kwa hiyo sentimita ya chini haina ujazo sawa na ya juu.

2. Pima. Zima mashine kila unapopima (ya esansi, yaani petroli, iache ipoe kabisa) na uhesabu saa za kufanya kazi tu. Tuseme umepata:

saa 1: lita 13,6
saa 2: lita 12,3
saa 3: lita 10,9
saa 4: lita 9,6

3. Angalia tofauti. 1,3, halafu 1,4, halafu 1,3. Zinakaribiana, basi mstari ulionyooka unafaa. Kama zingekuwa 1,0, kisha 1,4, kisha 1,9, ungeishia hapa na kutafuta kinachoongeza ulaji.

4. Tafuta mteremko. Chukua kipimo cha kwanza na cha mwisho: (9,6 − 13,6) ÷ (4 − 1) = −1,33. Yaani lita 1,33 kwa saa.

Wengi huchukua vipimo viwili vya mwisho kwa sababu ni vipya. Ni kosa la gharama. Kijiti kikikosea lita 0,2 kila upande, vipimo vilivyoachana saa 1 vinaweza kupotosha makadirio ya saa ya 7 kwa lita 1,4. Vilivyoachana saa 3, kwa lita 0,6 tu.

5. Refusha. Saa ya 7: 9,6 − (1,33 × 3) = lita 5,6. Ukitaka kujua lini zitabaki lita 2 (dizeli usiiache ikauke, hewa ikiingia kwenye mipira ya mafuta utahangaika kuitoa), geuza hesabu: (9,6 − 2) ÷ 1,33 = saa 5,7 zaidi, yaani karibu saa 9 na dakika 42 tangu kuwasha.

6. Kwa kompyuta. Excel ya Kifaransa: saa ziwe A2:A5, lita B2:B5, andika `=PREVISION(7;B2:B5;A2:A5)`. Utapata 5,57, kwa sababu inatumia vipimo vyote vinne. Desimali ziandikwe kwa mkato. Ukiweka nukta huenda zikahesabiwa kama maandishi. Lita hutangulia saa. Ukizigeuza utapata 5,93, nayo inaonekana sawa kabisa! Kumbe hiyo ni saa ambayo zitabaki lita 7.

Pale mstari unapovunjika. Mtu akichomeka friji au mashine ya kuchomelea, vipimo vya zamani havina kazi tena. Anza upya na viwili vipya. Tena usirefushe mbali sana: umepima saa 3, kukadiria saa 3 mbele kunakubalika, 20 ni kubahatisha.

Kuna vitu visivyofuata mstari tangu mwanzo. Tangi la maji lenye bomba wazi chini: kina cha sentimita 100, baada ya dakika 10 ni 81, baada ya 20 ni 64. Kwa vipimo viwili vya mwisho, mstari unasema litakauka dakika ya 58. Litakauka karibu dakika ya 100, kwani maji yakipungua, msukumo nao unapungua, na bomba linatoa kidogo kidogo. Hatua ya 3 ingekuonya: 19, halafu 17.