Ukisikia unataka kuzimia misani

Mimi ni muuguzi Kadutu, hapa Bukavu. Wanaozimia kwa kusimama muda mrefu huniomba sindano ya vitamini: "Ile ya juzi ilinisaidia, muganga." Labda. Lakini kuzimia kwa namna hii huweza kupotea kwenyewe kwa miezi, na kutumaini dawa nako kuna nguvu zake. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa VPS II: watu 100 wanaozimia hivi waliwekewa kifuani betri ya moyo, yaani kifaa cha kuuchochea moyo upige, lakini kwa karibu nusu yao haikuuchochea moyo. Tofauti ya kuzimia kati ya makundi hayo mawili haikutosha kuthibitisha kwamba betri inasaidia.

Basi fanya hivi. Jasho baridi likikutoka na macho yakiingia giza, pishanisha miguu, bana mapaja na makalio kwa nguvu zote. Nasa vidole vya mkono huu kwa vya ule, vuta kama unagombania kamba. Usiachie upesi. Isipopoa, lala palepale, miguu juu ya benchi, kitenge kitafuliwa. Na kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani, mama zangu!

Aliyeanguka akikimbia, au bila dalili yoyote, akapimwe moyo. Huyo simchomi vitamini hata akinuna.