Benki ya damu ya kitovu: anza kupanga kwa uzito wa mgonjwa

Benki hii hugandisha damu inayobaki kwenye kitovu na kondo mtoto akizaliwa, ili seli zake za kutengeneza damu zipandikizwe kwa mgonjwa. Swali la kwanza la wafadhili huwa ni mifuko mingapi itahifadhiwa. Uliza kwanza mgonjwa ana kilo ngapi. Mfuko mmoja wa kupandikiza unatakiwa uwe na walau seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya mgonjwa, zikihesabiwa kabla ya kugandishwa. Mtoto wa kilo 20 anatosheka na milioni 500. Mtu mzima wa kilo 60 anataka bilioni 1.5, na mifuko mingi haifiki huko. Ndiyo maana watu wazima mara nyingi huwekewa miwili kwa pamoja.

Kwa hiyo weka kiwango cha kupokea kabla ya kununua tangi lolote. Seli bilioni 1.2 hadi 1.5 kwa mfuko ni kiwango cha busara, ila ujue kwamba mifuko mingi itakayokusanywa itakataliwa. Bajeti ya mifuko, usafiri na vipimo ipigwe kwa idadi ya inayokusanywa, si kwa ile itakayobaki.

Ridhaa ya mama ichukuliwe wakati wa kliniki, kamwe si uchungu ukiwa umekolea. Mfuko wa kukusanyia huwa na mililita 25 hadi 35 za dawa ya kuzuia kuganda, CPD. Mkunga asikate kitovu mapema ili mfuko ujae: WHO inashauri kusubiri dakika 1 hadi 3, na damu hiyo ni haki ya mtoto kwanza. Kitovu kikishabanwa, safisha mahali pa kuchoma, choma mshipa wa vena, ning'iniza mfuko chini ya kitovu na uutikise polepole muda wote. Ukichelewa, damu huganda ndani ya kondo na mfuko unabaki mwepesi. Upime kwenye mizani palepale leba, utoe uzito wa mfuko na CPD, mwepesi usisafirishwe.

Damu ya mama ipimwe VVU, homa ya ini B na C, kaswende na HTLV (virusi vinavyoweza kuleta saratani ya damu). Ya mtoto ipimwe HLA (alama za seli zinazopaswa kulingana kati ya mtoaji na mgonjwa), kundi la damu, na selimundu, hasa kwa benki ya Afrika Mashariki. Aina za HLA kwa Waafrika ni nyingi mno, hivyo hospitali tatu zenye akina mama wa asili tofauti zina faida kuliko moja kubwa.

Kugandisha kukamilike ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa. Ondoa chembe nyekundu na plazima mpaka mfuko ubaki na kama mililita 20, kisha ongeza DMSO, dawa ya kukinga seli zisiharibiwe na barafu, ifikie asilimia 10, taratibu, mfuko ukiwa kwenye baridi. Katika joto la chumba dawa hiyo huua seli. Shusha nyuzi 1 ya Selsiasi kwa dakika, halafu hifadhi chini ya nyuzi 150 hasi. Umeme ukikatika, tangi la naitrojeni kimiminika halitetereki, lakini mashine ya kugandishia na kengele za tahadhari hutetereka: ziwe na betri. Chumba kiwe na kipima oksijeni, kwani naitrojeni ikivuja haina harufu na huua mtu.

Usisahau vipande vya mrija vilivyozibwa vikiwa vimeshikamana na mfuko. Mgonjwa akipatikana, HLA huhakikishwa tena kwa kipande hicho. Bila hicho itabidi kuyeyusha mfuko mzima ili kujua kilichomo.