Vanila shambani: kuanzia rando hadi tunda

Wengi wanaotia vanila kwenye keki hawajui kwamba inatokana na okidi. Mmea wenyewe hutambaa, jina lake la kitaalamu ni Vanilla planifolia, na asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Huko wapo nyuki wanaolichavusha ua lake. Huku kwetu Kagera hawapo, kwa hiyo nyuki ni wewe mkulima. Nina miaka 11 ninalima vanila ndani ya kibanja cha migomba na kahawa, na kazi yote ninayoieleza hapa ni maandalizi ya ile asubuhi moja ua linapofunguka.

Hatua ya 1: Mti wa kuegemea

Panda mibono, ile inayopandwa kwenye uzio, miezi 6 hadi 12 kabla ya vanila. Acha mita 2.5 kati ya mti na mti, na uikate ili itoe panda (matawi yaliyogawanyika) kwenye usawa wa kifua. Kivuli kiwe cha wastani. Jua kali huunguza majani, na kivuli kizito hukupa marando (mashina yanayotambaa) marefu yasiyo na ua hata moja.

Hatua ya 2: Kupanda rando

Chagua rando lenye afya, urefu wa mita 1 hadi 1.5. Vaa mikono mirefu kwa sababu utomvu unawasha. Litundike kivulini kama wiki moja mpaka kidonda kikauke. Kisha ondoa majani kwenye vifundo 3 vya chini, vilaze juu ya udongo uliolainishwa, vifunike kidogo, halafu weka matandazo mengi. Ncha iliyokatwa ibaki nje ya udongo. Ukiizika inaoza, na uozo unapanda shina zima.

Mizizi ya vanila hutambaa juujuu na chakula chake kiko kwenye matandazo, kwa hiyo jembe lisifike hapo. Palilia kwa mkono. Rando lifunge kwenye mti kwa kamba ya mgomba. Nailoni hukata shina.

Hatua ya 3: Kukunja

Rando likifika kwenye panda, lipindue lining'inie. Likigusa chini, fukia kifundo kimoja kipate mizizi mipya, kisha lipandishe tena. Sehemu inayoning'inia ndiyo itakayotoa maua, kwa kawaida mwaka wa 3.

Hatua ya 4: Kuchavusha

Hapa naomba utulie nami.

Ua hufunguka alfajiri, na likishasinyaa siku hiyohiyo limekwisha. Anza saa 12 asubuhi, umalize kabla ya saa 6 mchana. Mwaka wangu wa 4 nilikwenda msibani siku 2. Niliporudi nilikuta maua yamelala juu ya matandazo, manjano, laini kama tambi zilizopikwa. Mavuno ya miezi 9 yalikuwa pale chini. Tangu siku hiyo, msimu wa maua ukifika, nyumbani kwangu lazima abaki mtu anayejua kuchavusha.

Shika ua kwa mkono wa kushoto, kwa upole. Kwa kijiti chembamba (mimi natumia mwiba wa mchungwa) chana ule mdomo wa ua uliojikunja kama faneli. Ndani utaona kinundu cheupe chenye chavua, na chini yake kiulimi kilichoziba sehemu inayonata. Kiulimi hicho ndicho kinachozuia ua lisijichavushe lenyewe. Kiinue kwa kijiti, kisha kwa kidole gumba sukuma chavua ikutane na sehemu inayonata. Bonyeza taratibu, achia. Ukizoea hutumii hata nusu dakika.

Mbinu hii ya kijiti na kidole gumba aliigundua Edmond Albius mwaka 1841, kisiwani Réunion, akiwa mtumwa mwenye umri wa miaka 12. Kila anapokuja kijana kujifunza kwangu, jina hilo ndilo la kwanza ninalomfundisha, kabla hajashika mwiba.

Chavusha maua 8 hadi 10 tu katika kila kishada, ya upande wa chini, ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Kisha nyofoa machipukizi ya maua yanayobaki. Mmea uliobebeshwa kupita kiasi hudhoofika na kupata magonjwa. Ua lililoshika litasinyaa huku limeng'ang'ania kikonyo. Lisiloshika litaanguka kesho yake au keshokutwa.

Hatua ya 5: Kusubiri

Tunda hurefuka haraka wiki za mwanzo, lakini kukomaa ni miezi kama 9. Wanunuzi watakujia mapema na pesa taslimu, nawe una ada ya shule ya kulipa. Ninaijua hali hiyo. Hata hivyo tunda changa likikaushwa hubaki jembamba, lisilo na harufu ya maana, na bei ya eneo zima huporomoka. Kwa sababu ya wezi, toboa alama yako kwa pini kwenye ngozi ya tunda likiwa bado bichi. Kovu litabaki hata likikauka.

Vuna tunda moja moja, ncha yake inapoanza kuwa na manjano. Likigeuka lote litapasuka. Usishangae likikosa harufu: harufu huja baadaye, baada ya kulitia kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika 3, kulifunika kwa blanketi litoe jasho, na kulianika kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Kilo 5 hadi 6 za matunda mabichi hutoa kilo 1 kavu. Kama huna vifaa vya kukaushia, mfikishie mkaushaji siku ileile uliyovuna.