Kupiga picha mchoro wa rangi ya mafuta kwa simu, wenzako wauone ulivyo

Mchoro ukiwekwa kwenye kundi la wachoraji ukaambulia "hongera" mbili tatu kisha kimya, usikimbilie kudhani haukupendeza. Itazame picha kwanza. Mara nyingi mng'ao mweupe umekaa juu ya shingo ya twiga, nyekundu imegeuka rangi ya chungwa, na pembe moja ya ubao haimo kabisa. Mwenzako anayetaka kukutia moyo hana pa kushika. Anasema "hongera" kwa sababu hakuna kingine anachokiona vizuri kiasi cha kukisemea.

Maelekezo haya ni ya wanaochora kwa mapenzi, jioni baada ya kazi au Jumapili, kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi au amerikani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na mng'ao wa rangi hiyo umebaki kuwa uzuri wa mtindo wake hadi leo. Mbele ya kamera, mng'ao huohuo ni kioo, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo ni ya kupambana nao. Wa shanga, ukili na kufuma wana aya yao mbele.

Andaa simu yako, karatasi mbili tatu nyeupe za A4, kioo kidogo bapa kisicho na fremu, shuka jeusi zito au buibui, kipande cha kadibodi nyeupe, na futi ya fundi cherehani. Taa ya duara ya wapiga video usiinunue kwa kazi hii. Juu ya rangi inayong'aa huacha pete nyeupe katikati ya mchoro, na pete hiyo haifutiki.

Hatua ya 1: Mchoro na lenzi

Rangi ikauke kabisa. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kisha ufute na lenzi ya simu. Lenzi yenye mafuta ya vidole hutia ukungu ambao watu hudhani ni rangi iliyopauka.

Hatua ya 2: Simu

Zima flashi, urembo wa sura, vichujio, na ile akili bandia ya kamera inayotambua "majani" au "machweo" kisha ikaongeza rangi bila kukuuliza. Zima pia kuhifadhi mahali picha ilipopigwa. Sababu utaiona kwenye hatua ya kutuma. Washa mistari ya gridi. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x. Lenzi pana ya 0.5x hupindisha kingo za ubao, na kukuza kwa vidole hula nyuzi za brashi. Afadhali urudi nyuma, kisha ukate picha baadaye.

Hatua ya 3: Mwanga

Mwanga mzuri ni wa dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya husema utumie dirisha la kaskazini. Huko ni kweli, lakini kwetu linategemea mwezi wa mwaka. Kwa aliye Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha tulivu ni la kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Nairobi mabadiliko huja karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Aliye Muscat anaweza kushikilia dirisha la kaskazini karibu mwaka mzima. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, au saa tisa hadi saa kumi alasiri. Siku ya mawingu mepesi, saa yoyote ya mchana inafaa.

Zima taa zote za ndani, hata ile ndogo ya ukumbini. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha, nusu ya mchoro itakuwa ya njano na nusu ya bluu, na hakuna programu itakayokunyooshea pande zote mbili kwa pamoja.

Kisha angalia kilicho karibu na mchoro. Ukuta wa kijani hutupa kijani. Turubai la bluu juu ya kibaraza hufanya kila kitu kionekane kimepoa. Udongo mwekundu wa uani hupandisha wekundu kutoka chini, na hata fulana yako nyekundu ukisimama karibu inaingia kwenye picha. Vaa nyeusi.

Ili kujua kama mwanga umeenea sawa, shikilia karatasi ya A4 kwenye pembe ya ubao iliyo karibu na dirisha na nyingine kwenye pembe ya mbali, piga, ulinganishe. Ya mbali ikiwa ya kijivu, sogeza mchoro mbali zaidi na dirisha. Watu husogeza karibu wakitafuta mwanga mwingi, kumbe karibu ndiko tofauti kati ya upande na upande inakozidi. Mita moja na nusu hutosha kwa ubao wa sentimita 60. Ikibaki tofauti ndogo, simamisha kadibodi nyeupe upande wa giza.

Hatua ya 4: Mng'ao

Hapa ndipo saa nyingi hupotea.

Rangi ya mafuta iliyokauka inaakisi kilicho mbele yake: dirisha, anga, ukuta mweupe nyuma yako, shati lako. Kwa hiyo kubadilisha simu hakusaidii. Weka jicho lako pale lenzi itakapokuwa, utazame mchoro, na ujiulize kila doa jeupe linaakisi kitu gani. Ukikijua, kiondoe au kifunike.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulaza mchoro chini uani na kuupiga kutoka juu. Anga nzima inalala juu ya ubao. Huoni doa hata moja, ndiyo maana watu hawashtuki, ila nyeusi yote imekuwa kijivu na rangi zimefunikwa utando wa maziwa. Kipimo ni hichohicho kila mara: tazama mistari myeusi. Kama kwenye picha si myeusi, kuna kitu kinaakisiwa.

Tundika mchoro wima kwenye ukuta unaopakana na dirisha, ili mwanga uupige kutoka ubavuni. Wewe simama mbele yake sawasawa. Mwanga unaoingia kwa mshazari kutoka kushoto hutokea kwa mshazari kulia, haufiki kwenye lenzi. Kinachobaki kuakisiwa ni kilicho nyuma yako, na hapo ndipo shuka jeusi linapofanya kazi. Litundike kwenye kamba mgongoni mwako, karibu na simu kadiri inavyowezekana. Likiwa hapo linahitaji upana na kimo mara mbili ya mchoro: ubao wa sentimita 60 kwa 60 unataka shuka la sentimita 120 kwa 120. Likiwa mbali zaidi nyuma, ukubwa huo hautoshi. Kadibodi nyeupe ya hatua iliyopita nayo ikae nje ya eneo hilo, la sivyo itaanza kuonekana yenyewe juu ya rangi.

Mng'ao ukibaki kwenye ukingo mmoja tu, shuku ubao. Hadibodi nyembamba hupinda kwa unyevu, hasa pwani, na ukingo uliopinda huelekea dirishani wakati sehemu nyingine haielekei. Iweke chini ya mzigo bapa usiku kucha, au ipigilie kwenye fremu. Amerikani isiyovutwa ina mawimbi, na kila wimbi lina mng'ao wake. Ivute kwenye fremu kwanza. Hakuna njia ya mkato.

Nukta ndogo za mwanga kwenye migongo ya rangi nzito, pale brashi ilipoacha tuta, ziache. Zinamwambia mtazamaji kwamba rangi ni nene na inang'aa, jambo ambalo ni la kweli.

Wapo wanaoshauri kuweka miwani ya jua mbele ya lenzi. Siishauri. Ukiwa umesimama sawasawa mbele ya mchoro haipunguzi mengi, na inaongeza ukahawia utakaohangaika kuutoa. Wala usipake varnishi isiyong'aa kwa ajili ya picha tu. Utakuwa umebadilisha kazi yenyewe.

Hatua ya 5: Kunyoosha

Weka simu juu ya stendi, au kwenye stuli yenye vitabu, mita moja na nusu kutoka kwenye ubao wa sentimita 60. Mwombe mtu alaze kile kioo kidogo bapa katikati ya mchoro. Tazama kwenye skrini na usogeze simu mpaka uone lenzi yake katikati ya kioo. Ukiiona hapo, simu imekaa sawasawa mbele ya mchoro. Kioo kiondolewe, simu isiguswe.

Hatua ya 6: Kupiga

Acha karatasi nyeupe kando ya mchoro, ndani ya picha. Bonyeza skrini na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha ushushe kidogo. Mandhari nyeusi huifanya simu iongeze mwanga kupita kiasi, nyeupe huifanya ipunguze. Nyekundu kali na bluu ya bahari ndizo huharibika mapema: zikizidi mwanga, mistari iliyo ndani yake hupotea yote na hairudi. Ni salama picha iwe na giza kidogo. Tumia kipima muda cha sekunde 3, upige tano.

Kwa kazi za shanga, ukili na kroshia mambo ni tofauti: hazing'ai sana, shida yake ni kuonekana bapa. Leta mwanga wa ubavuni uliolala zaidi, ili kila ushanga na kila msuko uwe na kivuli chake kidogo. Kapu lipigwe kwa kimo cha tumbo lake, si kutoka juu. Kwa picha ya karibu simama sentimita 25 kisha ukate. Ukisogea karibu zaidi, simu inaweza kushindwa kulenga, picha ikatoka na ukungu.

Hatua ya 7: Kusahihisha

Snapseed ni ya bure na inatosha. Fungua White Balance, chukua alama ya kuchagua rangi, gusa karatasi nyeupe. Kisha kata karatasi na ukuta, ubaki mchoro. Usiguse kuongeza ukali wa rangi. Linganisha skrini na mchoro wenyewe, mwanga wa skrini ukiwa wa kati na ile hali ya kulinda macho, inayotia njano, ikiwa imezimwa.

Hatua ya 8: Kutuma

Tuma tatu: mchoro mzima, sehemu moja ya karibu, na moja yenye mkono wako kando ili ukubwa ueleweke. WhatsApp hubana picha, hivyo chagua HD. Ukituma kama faili haibanwi, lakini faili hubeba taarifa zote za picha, pamoja na mahali nyumba yako ilipo kama hukuzima kule mwanzoni.

Hatua ya 9: Maneno

"Naomba maoni" huleta "nzuri sana". Andika vipimo, vifaa, muda, na swali moja lenye mahali pake. Kwa mfano: "Twiga watatu, sm 60 kwa 60, rangi ya mafuta kwenye hadibodi, jioni nne. Naona nyasi za chini zimejaa mno. Nipunguze, au nibadilishe rangi yake?" Kama umejifunzia kwenye kazi ya mtu mwingine, mtaje.

Ukiwa wewe ndiye unayejibu, kuza picha kabla ya kuandika. Sema jicho lako lilitua wapi kwanza. Taja jambo moja ambalo mkono umelifanya vizuri na mahali lilipo: "nukta za mgongoni mwa chui zimepungua ukubwa kuelekea tumboni, ndiyo maana mwili unaonekana wa duara." Sifa ya namna hiyo mtu anaweza kuirudia kesho akiwa na brashi mkononi, lakini "una kipaji" hana la kuifanyia. Kisha jibu swali lililoulizwa, hilo tu. Kama hakuuliza kuhusu macho ya twiga, macho yasubiri. Usichore juu ya picha ya mwenzako bila ruhusa yake, usimlinganishe na mwanakundi mwingine, na usianze habari za bei pale ambapo hajasema anauza.

Picha ya kwanza ya mgeni ijibiwe siku hiyohiyo, hata kama ina giza na imepigwa chini ya balbu. Mtajie kitu kimoja ulichokiona kwenye mchoro. Ya balbu na dirisha mwambie pembeni, si mbele ya kundi.