Kiima na kitenzi cha Kiingereza: tumia ngeli zako kwenye mtihani

Kwenye "The box of oranges ___ on the table", anayekosea huwa ameona "oranges" jirani na pengo akaandika "are". Usikimbilie pengo. Isome sentensi kwa Kiswahili kwanza: sanduku la machungwa liko mezani. Hiyo "li-" imeshakuonyesha kwamba kiima ni sanduku, tena moja, basi jibu ni "is". Ukibanwa na muda, kata kwa penseli maneno yote kuanzia "of" hadi kwenye pengo. Ila usikate baada ya maneno kama "some", "most", "half" au "a number", kwa sababu hapo nomino inayofuata "of" ndiyo inayoamua: "Most of the water is", lakini "Most of the oranges are".

Ngeli hukuokoa hata palipo pagumu zaidi. "The number of students has risen" ni idadi ya wanafunzi imeongezeka: "i-", umoja. "A number of students have failed" ni wanafunzi kadhaa wamefeli: "wa-", wingi. Kineno kimoja kimehamisha kiima! Na "She is one of the girls who sing well" huwaponza hata wanaokijua Kiingereza vizuri, maana "one" huvuta macho. Kwa Kiswahili ni mmoja wa wasichana wanaoimba vizuri. Wanaoimba, si anayeimba. Kwa hiyo "sing", bila "s".

Kuna mahali ngeli hupotosha, na hapo ni pa kukariri. Tunasema mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika, lakini Kiingereza humhesabu mwalimu peke yake: "The teacher, together with her students, has arrived". "As well as" na "along with" ni vilevile. Shilingi elfu kumi hazitoshi, ila "Ten thousand shillings is not enough", kwa kuwa fedha hizo zinachukuliwa kama fungu moja. Habari zimefika, ila "The news has arrived".

Kwa "neither... nor" na "either... or", tazama nomino iliyo karibu zaidi na kitenzi: "Neither the teacher nor the students were present". Ukianza na wanafunzi, ni "was".

Kabla ya kukabidhi karatasi, pitia sentensi za wakati uliopo. "S" ya nomino kwa kawaida huonyesha wingi. Ya kitenzi huonyesha umoja. Aliyeandika "The boys plays" amezibandika zote mbili.